Safisha Zote

Mimi si mtu wa kushindwa na chuma. Emali nzima inanijua, Mwangangi wa kompyuta, chumba cha pili ukitoka stesheni ya reli. Kwa hivyo ile diski ilinikera tangu mwanzo.

Ililetwa Jumanne asubuhi na mama mmoja wa Kasikeu aitwaye Kanyiva, imefungwa ndani ya leso. Ilikuwa diski ya nje, nzito, ya zile za zamani, kona moja imepasuka. Alisema ni ya mwanawe Muindi, aliyekufa kwenye ajali ya lori miaka miwili iliyopita. Simu yake ilisagika siku hiyo hiyo.

"Iko na mapicha yake mingi," akaniambia. "Nisafishie zote. Usiache hata moja."

"Zote, mama? Uko sure?"

"Zote. Nimengoja miaka mbili nipate nguvu ya kuileta."

Nikamwonea huruma. Nilidhani mchungaji wake amemshauri aache kulia juu ya picha, na sasa anataka diski iwe tupu ampe mtu mwingine. Nikamwambia aende sokoni, arudi saa nane.

Kufuta diski si kazi. Unaifomati, unakunywa chai. Hii ilikwenda vizuri hadi mwisho, kisha kompyuta ikaandika kwamba imeshindwa. Nikabadilisha waya, maana mara nyingi ubovu huwa hapo. Safari hii nikachagua ile fomati ndefu, inayopita kila mahali ikiandika sifuri juu ya kila kitu. Ilipofika asilimia kumi na mbili ikaganda. Ndani yake kukawa na mlio, ta, ta, ta, kama mtu anayegonga mlango bila haraka.

Nikaitukana. Nikaivua ganda, nikaiunganisha moja kwa moja ndani ya kompyuta kubwa, nikaanza upya. Thelathini na nane, ikaganda. Mteja aliyekuja kutoa fotokopi nilimfukuza kwa macho. Fundi mwenye akili angesema diski imezeeka, ina sehemu zilizokufa, akaiacha. Mimi nilikuwa nimepandwa na hasira. Nikaielekezea feni, nikaanza mara ya nne, nikaiambia leo ni mimi au wewe. Ikafika sitini na moja, ikaganda tena.

Hapo ndipo Kanyiva aliporudi. Alikuwa amenunua albamu kubwa, ile ya mifuko ya plastiki, na akaiweka mezani kwangu.

"Umesafisha ngapi?" akauliza.

"Inasumbua, mama, lakini nimefuta zaidi ya nusu."

"Umefuta?"

"Si ulisema nisafishe?"

"Kusafisha picha. Unitolee kwa karatasi. Kwa studio si ndivyo tunasema?"

Ndivyo wanavyosema. Mama yangu mwenyewe husema hivyo, kwamba picha ya harusi yao waliisafisha studio, mjini Sultan Hamud. Neno hilo nimelisikia tangu nikiwa mdogo, na siku nilipolihitaji sikulikumbuka. Nilijichukia pale pale, nikiwa nimesimama.

Nikamkalisha. Nikafungua programu ya kurudisha vilivyofutwa, nikaiacha ipekue kile kipande ambacho fomati haikukifikia. Ikachukua saa nzima. Zikarudi picha kumi na moja: mbuzi, tangi la maji, paa jipya la kanisa. Muindi ndiye aliyekuwa akipiga, kwa hivyo hata moja haikuwa na uso wake. Kanyiva alizitazama zote, kisha akazirudia kutoka mwanzo.

Nami nikafanya jambo la aibu. Nikasema, "Diski imezeeka, mama. Hizi vitu zikizeeka zinakataa kazi."

"Ilikataa aje?"

Nikamweleza. Nilieleza kirefu, nikataja waya, sehemu zilizokufa na ule mlio, nikiona kwamba kila neno linanisogeza mbali na kosa langu.

"Ilikataa mara ngapi?"

"Mara nne."

Akainuka. Sauti yake haikupanda.

"Hii kitu imezeeka, haina macho, haijui mtoto wangu. Na imekataa mara nne kumtoa. Wewe uko na akili na masomo, ukaendelea. Ulikuwa unashindana na nani?"

Nilitamani anitukane, au hata anipige, ili yaishe. Alinyoosha mkono tu, akangoja nimrudishie diski.