Uvimbe wa Kinena

Kitovu cha Irakoze kilikuwa kimechomoza tangu azaliwe, miezi minne sasa, na nyumba nzima pale Nyamianda ilikikodolea macho. Kila asubuhi bibi yake, Mama Generose, alikigandamiza kwa kifungo cha koti, akazungusha kitambaa tumboni, akapiga fundo. Fundo la mama mkwe, mkaza mwana haligusi. Noella, mama wa mtoto, hakuwa mtu wa kutafuta ugomvi.

Ila alikuwa na siri. Mtoto akilia, uvimbe mwingine ulitokeza kwenye kinena, upande wa kulia. Akilala, ulirudi ndani. Angeanzaje kumtajia mama mkwe sehemu hizo? Aibu ilimziba mdomo wiki mbili nzima.

Leo Irakoze alitapika maziwa, kisha akatapika kitu cha kijani. Noella akamvua nepi. Uvimbe ulikuwa mwekundu, mgumu, na hata mtoto alipochoka kulia haukurudi.

"Ni kitovu," Generose alisema. "Lete nimukaze tena."

"Haiko kitovu, mama. Angalia huku chini."

"Weye! Unanionyesha nini?" Bibi akageuza uso, heshima zake zote zimemjaa shingoni.

"Angalia!"

Noella hakuwa amewahi kumpandishia sauti. Generose akaangalia, akanyoosha vidole ausukume ule uvimbe ndani. Noella akamdaka mkono.

"Usiguse. Minye namupeleka ku hopitali."

Akafungua fundo mwenyewe, kifungo kikaanguka sakafuni. Generose alichukua kanga, akamfuata.

Kwenye pikipiki walibanana nyuma ya dereva, na Noella alimwinua mtoto mikononi kila walipofika kwenye shimo. Njiani Irakoze aliacha kulia. Hilo ndilo lililomtisha kuliko kilio chote.

Hospitalini muuguzi Clovis aligusa mara moja tu, akamwita daktari.

"Ni ngiri," Clovis akawaambia. "Utumbo umenaswa, banamupasua sasa hivi. Usimunyonyeshe tena. Muliona lini?"

"Minye niliona. Wiki mbili. Nilinyamaza."

"Kitovu kingejifunga chenyewe, hata bila kitambaa. Hii ya kinena haingojake."

Wakakaa kwenye benchi. Noella alijilaumu, akaomba, akajilaumu tena. Saa mbili baadaye Clovis akatoka.

"Utumbo iko muzima. Mungechelewa kidogo tu, ungeoza."

Noella alilia bila kujificha. Generose hakulia wala hakushangilia. Alimshika Clovis mkono wa shati.

"Muganga, mutoto akitapika kijani, akalia siku mbili, kisha akanyamaza... inaweza kuwa hii?"

"Inaweza, mama."

Noella akamtazama. Siku zote aliambiwa mumewe ndiye mzaliwa wa kwanza wa Generose.

"Aliitwa Sévère," Generose alisema. "Kule chini sikumuangalia."