Tumbo Langu Si la Kikao

Kikao cha kuamua nipasuliwe vipi kilifanyika sebuleni kwangu, Nateete, na mimi sikuulizwa kitu. Binti yangu Monique aliniwekea miguu juu ya ndoo aliyoipindua, kwa sababu alijua inavimba. Hilo nalikumbuka kwa shukrani. Mengine ya siku ile siyashukuru.

Nilikuwa na uvimbe kwenye tezi ndogo iliyokaa juu ya figo la kushoto. Ulinipandisha presha ghafla, moyo ukaenda mbio, jasho likaloanisha kitenge. Kwenye kikundi cha maombi walinishika kichwa wakakemea pepo. Daktari Okwir alikemea kwa vidonge. Presha ilipotulia, akasema uvimbe lazima utoke, na njia ni mbili: kupasua chini ya mbavu mpaka mkono wake uingie, au kutoboa matundu madogo, aingize kamera na vyombo vyembamba, autie uvimbe kwenye kifuko na kuuvuta nje. Uvimbe mkubwa, au wenye dalili za saratani, angeutoa kwa kupasua. Wangu ulikuwa mdogo na haukuwa na dalili hizo. Yeye alipendelea matundu; ningeumia kidogo na kurudi nyumbani mapema.

"Matundu," alisema Jean-Pierre, mdogo wa marehemu mume wangu. "Watamtoboa, watambandika plasta, watatuambia umetoka. Tutajuaje? Mimi nataka kuona mshono."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Kwetu mgonjwa akitoka hospitali hufunua kidonda, watu wakasikitika, ndipo wakaamini. Mshono wa ngiri ya Pitshou, mwimbaji mwenzetu, tuliuangalia kwaya nzima.

"Shemeji," nikasema, "huo mshono utauma wewe?"

"Mama Monique, usikasirike. Presha."

"Sijakasirika. Nauliza."

Wakacheka. Jean-Pierre akasema, "Mtoto atabebwa na wengine. Wewe umechoka."

Hapo ndipo aliponigusa. Monique huenda kuuza mboga soko la Nakasero kabla hakujapambazuka, na mwanawe Victoire halali ila mgongoni mwangu. Kitenge cha kumbebea kinafungwa mbele, chini ya mbavu, palepale walipotaka nipasuliwe.

Hospitali, daktari alipoweka fomu mezani, Jean-Pierre alishachomoa kalamu. Nesi Akwero akaivuta fomu taratibu mpaka mbele yangu, akanipa kalamu yake mwenyewe.

"Mgonjwa anajua kuandika," akasema, kama mtu anayekuambia chai iko tayari.

"Matundu," nikamwambia daktari.

"Sisi ndio ukoo," Jean-Pierre akasema.

"Ukoo ukae kwenye benchi. Nikitoka nitawasalimia."

Daktari Okwir akasogeza kiti karibu. "Mama, nikikuta damu nyingi, au uvimbe umeng'ang'ania, nitapasua. Siwezi kukuahidi."

"Ukipasua kwa sababu ya damu, pasua. Usipasue kwa sababu ya shemeji."

Akainama, akatazama viatu vyake, mabega yakitikisika kwa kicheko. Nikaandika jina langu, Esperance, herufi moja moja. Hakuna aliyeniharakisha.

Baada ya upasuaji, Jean-Pierre ndiye aliyekuja wa kwanza, na chupa ya uji alioupika mwenyewe. Ulikuwa na mabonge. Akaumimina, akaupooza kwa kuuhamisha kikombe hadi kikombe, polepole, usinimwagikie. Ni mtu mwema. Sijawahi kusema si mwema.

Nilipomaliza kikombe akasogea. "Haya, funua nione."

"Hapana."

"Nione tu. Walitoboa au walipasua?"

"Niongezee uji."

Akaongeza. "Sasa watu nyumbani nitawaambia nini?"

"Waambie umenikuta nakunywa uji."

"Mama Monique, wataniuliza mshono."

"Nawe utawajibu kwamba hukuonyeshwa."

Akakaa, akatazama shuka kana kwamba litajifunua lenyewe. Nikalivuta mpaka shingoni. Chini yake mkono wangu ulikuwa umepumzika juu ya plasta ndogo ndogo, na hapa chini ya mbavu, mahali pa fundo la kitenge, ngozi ilikuwa nzima. Daktari amesema nisubiri kabla sijambeba Victoire. Nitasubiri. Kusubiri najua.

"Uji wako mtamu," nikamwambia. "Kesho usiweke mabonge."