Sanduku la Vitabu kwa Shangazi

Mwalimu wa historia alipostaafu, alikwenda kwa shangazi yake kuchukua vitabu vyake vya utotoni. Ndivyo vilivyomtia wazimu wa wafalme na vita vya kale. Enzi hizo alivisoma sakafuni jikoni, shangazi akimenya vitunguu na kumkemea, "Paza sauti, nami nina masikio!"

Sasa shangazi haoni. Alimwelekeza kwa fimbo kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda.

"Macho nimeshindwa kuyalinda, lakini vitabu vyako, thubutu! Watoto wa mtaa mzima wameviomba. Nikawaambia, na mikono yenu ya mafuta? Nendeni zenu!"

Mwalimu akafungua. Majalada yalikuwa mazima. Alipoinua la kwanza, lilikuwa jepesi kama ganda. Mchwa walikuwa wamekula kurasa zote, wakaacha udongo. La pili vilevile, na la tatu.

"Umenyamaza nini, mzee wa vita?" shangazi akacheka. "Nisomee kile cha malkia aliyekataa kusalimu amri. Nimekisubiri miaka."

Mwalimu akawaza. Akimwambia ukweli, shangazi atajua kwamba ile mikono ya mafuta ndiyo ingeviokoa. Basi akashika jalada tupu, akasoma kwa ghibu, udongo ukimdondokea magotini.

Shangazi alisikiliza akitabasamu. Kisha tabasamu likafifia polepole.

"Mwanangu," akasema, "mbona sisikii kurasa zikigeuka?"