Injini Iliyobarikiwa Mapema

Tulisikia wimbo kwanza. Ulitoka nyuma ya ukuta wa matofali, sauti za wamama na ngoma moja, ukizidi kulikaribia geti la garaji yangu hapa Kolwezi. Mimi nilikuwa chini ya injini iliyokuwa bado imeshikwa na mnyororo, chaki mdomoni.

Ilikuwa injini ya Kijapani, ikiingia katika lori la pua ndefu lililomshinda baba yangu kwa umri. Mwenye lori, mzee tunayemwita Tata Zéphirin, alikuwa na haraka. Mahindi ya mke wake, Mama Louise, mavuno yake yote ya mwaka, yalikuwa Sandoa kwa dada yake, na mvua zikianza ile barabara hugeuka matope. Mahindi yangeoza huko huko.

Kazi kubwa ilikuwa sapoti, vile vyuma vyenye mipira vinavyoibeba injini juu ya chasi. Mipira ya lori la mgodi ilikuwa migumu, ingemng'oa dereva meno. Ya taksi ilikuwa laini, injini ingelala upande kama mlevi. Nilichagua ya basi, na nasema bila haya kwamba hakuna fundi mwingine mjini ambaye angeifikiria. Vyuma nilivishika kwa nukta chache tu za kuchomelea, ili niteremshe injini, nipime, nivibandue, nivisogeze. Nilikwisha kuona kwamba injini imekaa mbele mno na chini mno. Feni ingeila radiata.

Ndipo geti likafunguliwa. Baraka ya lori ilipangwa kwa siku ambayo kazi ingekwisha, lakini padri wake, Abbé Samy, alikuwa na safari, kwa hiyo Zéphirin alimleta mapema, pamoja na kwaya. Nilijaribu kueleza. Zéphirin alininyamazisha kwa kidole, na injini ikanyunyiziwa maji ya baraka pale pale ilipokaa, juu ya sapoti zile za nukta.

Kesho yake niliposhika nyundo kubandua sapoti, Zéphirin alisimama kati yangu na lori.

"Maji ya baraka iliikuta pale," alisema. "Pale njo itabakia."

Alinisimulia habari za ndugu yake wa Dilolo, aliyehamisha duka lililokwisha kubarikiwa na hakuuza tena hata kiberiti. Nilikwenda kwa Abbé mwenyewe. Alicheka, akasema Mungu hapimi kwa sentimita, niisogeze tu. Nikarudi na jibu hilo kama mshindi. Zéphirin akasema Abbé bado kijana, atajifunza. Mama Louise ni Mprotestanti. Alitazama mawingu.

Nikawaka. Nikasema kama injini haiwezi kulifuata lori, basi lori liifuate injini. Ilikuwa kejeli. Zéphirin alinishukuru kwa wazo zuri.

Basi nikalihamisha lori. Radiata niliisogeza mbele mpaka ikachomoza kama kidevu cha mzee asiye na meno. Kifuniko hakikufunga tena, tukakikaza kwa mpira wa baiskeli. Ekseli iligusa tumbo la injini, nikaongeza majani ya springi, zile bapa za chuma, mpaka pua ikaelekea mbinguni, jambo ambalo Zéphirin aliliona kuwa dalili njema. Shafti ya kupeleka nguvu nyuma ikawa fupi, nikaiunga kipande. Kisha nikazichomelea sapoti moja kwa moja, mahali pabaya, kwa mkono mzuri kuliko siku zote.

Injini iliwaka, ikatulia. Kikombe cha maji juu yake hakikumwagika. Zéphirin aliwatangazia majirani kwamba ilikuwa kwenye nafasi yake tangu siku ya kwanza. Kijana mchimbaji aliyepita na gunia lake akasimama kulitazama lori.

"Tata, ile kidevu ni ya kuchimbia kobalti?"

Watu walicheka. Mama Louise hakucheka. Alipanda, akangoja mumewe azunguke upande wa usukani, kisha akainama dirishani.

"Glodi, mutoto wangu, itanifikisha Sandoa? Usinijibu na mambo ya baraka. Nijibu na ya chuma."

Nikaweka mkono mlangoni.

"Mama, ikikufia njiani, mi mwenyewe nitakuja, hata na miguu. Nitaitengeneza mule mu matope mpaka mahindi yako ifike hapa. Na ile injini sitaisogeza hata kidogo."