Vifungo vya Shati la Rozelle Tubbs

Verlene Tubbs hakuwa na picha ya baba yake, hata moja. Mafuriko yalichukua nyumba, na mama yake, aliyeamini kwamba bluzi ni muziki wa Shetani, akamaliza kilichobaki: gitaa alilitia motoni, nyimbo akazipiga marufuku, na jina la mumewe, Rozelle, likawa halitajwi mezani. Rozelle alifariki Verlene akiwa na miaka minane. Sasa alikuwa na sitini na tisa, na sura ya baba yake ilikuwa imemtoka kichwani kabisa. Sauti tu ndiyo aliyobaki nayo.

Kwa hiyo Jumamosi ile alivaa kofia yake ya Pasaka, ingawa ilikuwa Septemba na pamba ilishafumuka mashambani, akaenda ukumbi wa kanisa la Mlima Pisgah kutazama filamu. Mkanda wenyewe ulikutwa darini kwa mwenye shamba wa zamani: dakika tatu, bila sauti, mtu mweusi ameketi barazani anapiga gitaa na kuimba, mwaka 1938. Juu ya kopo lake paliandikwa "mpigaji asiyejulikana", na Verlene alitumaini kwamba ni baba yake. Renita Cole, binti wa makumbusho kutoka mji wa Jackson, aliwaambia wazee wazi kwamba jina wakilithibitisha leo litaandikwa. Wasipolithibitisha, mkanda utarudi na maneno yale yale.

"Asiyejulikana na nani?" Verlene aliuliza kabla hata hajakaa. "Sisi tulikuwa tunajulikana sana. Hawakutuuliza tu."

"Waambie, Dada!" wakaitikia watu wa nyuma.

Taa zikazimwa. Mtu akatokea ukutani, kofia imemfunika uso nusu, shingo ya chupa kidoleni ikiteleza juu ya nyuzi, mguu ukipiga sakafu. Sauti haikuwepo hata chembe, lakini watu walianza kumjibu kana kwamba wanamsikia. "Sema nasi, baba!" "Mungu wangu, itazameni mikono hiyo!" Bibi mmoja alisimama na sahani yake ya tamale, zile andazi za mahindi zilizofungwa majani, akasahau kuketi. Mikono ile ilivuna pamba Jumatatu hadi Jumamosi mchana, kila mtu pale aliijua kazi hiyo, na bado ilikwenda juu ya gitaa bila kutafuta njia. Verlene aliona fahari ikimpanda kifuani, na bado hakujua kama ana haki nayo.

"Mashoto!" Cleotha Gathings aliruka kutoka kiti cha mbele. Alikuwa ameendesha trekta maisha yake yote na hakujua kusema polepole. "Mnaona? Anapiga kwa mkono wa kushoto! Huyo ni baba yangu mkubwa, Hosea! Katika bonde hili la Delta hapakuwa na mwingine wa mashoto."

Verlene akaitazama tena mikono ile. "Baba yangu alipiga kwa kulia," alisema, maana hakuwa mtu wa kusema uongo kanisani.

"Basi rudi kwenye zaburi zako, Dada Verlene. Tangu lini mama wa kanisa akawa fundi wa bluzi?"

"Binti, iweke tena," Verlene akasema, bila kumtazama.

Mara ya pili hakuangalia mikono. Aliangalia shati. Miaka arobaini na moja alipiga pasi mashati ya watu katika nyumba zao, na shati alilijua kuliko daktari anavyojua mwili.

"Simamisha hapo!"

"Siwezi, mama, mkanda utaungua."

"Basi tazameni unavyokwenda. Vifungo!"

"Vifungo vina nini?" Cleotha akauliza.

"Vimekaa kushoto kwake. Shati la mwanamume vifungo viko kulia. Hiyo ni blauzi."

Cleotha akacheka hadi akakohoa. "Sasa baba yako alivaa blauzi?"

"Umeshasema ni Hosea, Kaka. Kwa hiyo ni Hosea aliyevaa blauzi ya mkewe mbele ya kamera ya mzungu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata mchungaji alijificha nyuma ya glasi yake ya chai. Renita peke yake hakucheka. Alizima mashine, akaushika mkanda, akaugeuza kwenye mwanga. Ulikuwa na matundu pande zote mbili, na yeye aliuingiza kinyume, kwa hiyo kulia kukaonekana kushoto, kama kwenye kioo. Akaomba radhi, akauvisha upya.

Sasa vifungo vilikuwa kulia, na mkono wa kulia ndio uliokung'uta nyuzi.

Cleotha alikaa chini. "Haya. Si Hosea," alisema, kwa shida. "Lakini wa kulia walikuwa wengi, Dada. Vifungo havina jina."

Hapo alisema kweli, na Verlene alijua. Alitazama mdomo wa yule mtu ukifunguka na kufumba, mguu ukipiga mara mbili na kunyamaza, mara mbili na kunyamaza. Mnyamazo ule aliujua. Wimbo wake hakuwa ameutia mdomoni tangu gitaa lilipochomwa.

"Tangu mwanzo, binti," alisema. Akasimama, akavua kofia ya Pasaka, akaimba humo humo kanisani.

"Mto umepanda, mwanangu, vua viatu ushike mkononi.
Mto umepanda, mwanangu, vua viatu ushike mkononi.
Tutavivaa ng'ambo, tukifika dansini."

Mdomo wa ukutani ulifunguka ulipofunguka wake. Alipopumua, chupa ilipanda juu ya nyuzi kujaza nafasi. Hakuna aliyeitikia tena; walikuwa wanasikiliza watu wawili. Na kwenye neno "dansini" yule mtu aliinua kichwa, kofia ikarudi nyuma, akacheka, na Verlene akauona uso wa baba yake. Ulikuwa na mwanya, kama wake.

Cleotha ndiye aliyezungumza kwanza, safari hii polepole.

"Andika, binti. Huyo ni Tubbs."

Renita alichukua kalamu na kopo. "Jina la kwanza linaandikwaje, mama?"

Verlene alilitaja herufi moja moja, kwa sauti ya kufika barabarani. Kisha akaweka kidole chake juu ya kopo.

"Na hili neno 'asiyejulikana' likwangue," alisema. "Usilikate kwa mstari. Likwangue mpaka bati lionekane."