Mkebe wa Dakika za Kalekye

Mkebe wa dakika ulifika Jumanne ya pili ya Mei, wakati wa chai ya saa nne, pamoja na katoni mbili za chaki na mipira iliyokuwa imeagizwa tangu mwaka uliotangulia. Dereva alitafuta mtu wa kutia sahihi, akampata Madam Tabby mlangoni pa chumba cha walimu, kikombe mkononi. Madam Tabby alisoma lebo: KALEKYE MUTINDA, KIDATO CHA NNE, SAA SITA, MUHURI USIVUNJWE. Akatia sahihi, kisha akarudia kikombe chake, kwa sababu chai ya Shule ya Upili ya Thuo Hill hupoa haraka.

Hapo Kawangware hakuna kilima. Yupo Thuo, mwenye ploti, aliyejenga madarasa juu ya vyumba vya kupangisha, na alipoona jina la shule ni fupi akaliongezea kilima kwa Kiingereza.

Saa sita hizo zilikuwa nyongeza ya mtihani wa mwisho. Kalekye alizaliwa na mtindio wa ubongo. Akili yake haikuwa na neno. Shida ilikuwa mkono wa kulia, ambao hukakamaa kila unaposhika kalamu, na mguu wa upande huo huo, na ulimi, ambao humkawiza kidogo katikati ya sentensi. Katika muda ambao mwenzake aliandika mstari mzima, yeye aliandika maneno mawili. Sheria inasema mtahiniwa wa aina hiyo apewe nusu saa zaidi kwa kila karatasi, na karatasi zake zenye maandishi mengi zilikuwa kumi na mbili. Ofisi ya mitihani hupima dakika, huzitia mkebeni, huzipiga muhuri na kuzituma. Ni utaratibu wa kawaida na hakuna anayeushangaa.

Kuzipata ndiko kulikokuwa kazi. Mama yake, Everlyne, hufuma sweta za shule kwa mashine katika kibanda chake cha Soweto East, kule Kibera. Alifunga kibanda siku tatu kumpeleka binti kwenye kituo cha tathmini, na mara mbili kati ya hizo aliambiwa afisa yuko semina. Kabla ya hapo, shule tatu za karibu na nyumbani zilikuwa zimemkataa Kalekye zikisema hazina vifaa. Everlyne aliuliza ni vifaa gani, maana mtoto alihitaji dawati na muda tu. Thuo Hill ilimkubali kwa sababu mwaka huo ilipungukiwa na wanafunzi. Kila asubuhi Kalekye alitembea kwa muda wa karibu saa mbili kufika.

Madam Tabby, ambaye ndiye aliyezijaza zile fomu zote na kuzifuatilia kwa nauli yake mwenyewe, alimpigia Everlyne simu siku hiyo hiyo.

"Mama Kale, zimefika."

"Zote?"

"Saa sita, na muhuri."

"Asante Yesu. Ziweke mahali pa kufungwa, mwalimu."

Ziliwekwa stoo, na ufunguo ukawa kwa naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Dedan. Kabla ya hapo Mzee Thuo alikuja na mpiga picha. Kalekye alisimama uani ameukumbatia mkebe kifuani, na wiki iliyofuata picha hiyo ilining'inia langoni juu ya bango lenye maneno: HAPA HAKUNA MTOTO ANAYEACHWA NYUMA.

Mtu wa kwanza kuufungua mkebe alikuwa Madam Tabby mwenyewe. Ilikuwa Juni. Mtoto wake mchanga alikuwa na homa, kliniki ilikuwa karibu kufunga, na Bwana Dedan alitaka karatasi tisini zisahihishwe kabla ya saa kumi. Aliomba ufunguo akisema anatafuta chaki. Akaukata muhuri kwa wembe, taratibu, akachota kijiko kimoja. Dakika za ofisini ni za kijivu na hazina harufu. Alizimwaga juu ya meza, saa ya ukutani ikasimama kumngoja, naye akasahihisha mpaka karatasi ya mwisho, kisha akakimbia. Alikusudia kuzirudisha. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu ilisaidia.

Bwana Dedan alipouona muhuri umekatwa, alichukulia kwamba ruhusa imeshatolewa na mtu fulani. Akachota kidogo kwa ajili ya chai ya saa nne, ambayo kwa wiki kadhaa haikupoa na haikuisha. Walimu waliipenda. Wengine walipata hata nafasi ya kusoma gazeti.

Siku ya wazazi, mwezi wa Julai, Mzee Thuo alihitaji muda wa hotuba. Alimwaga saa nzima na ushei chini ya hema, jua likatulia pale pale juu ya paa la kanisa jirani, na akazungumza kwa kirefu juu ya haki ya kila mtoto kupewa muda wake. Everlyne alikaa safu ya tatu. Alipiga makofi kwa moyo wote.

Kilichobaki kilikwenda kwenye mtihani wa majaribio. Bwana Dedan alikuwa ameahidi kwamba wastani wa shule utapanda, na wastani haupandishwi na wanafunzi wanaoandika polepole. Asubuhi moja ya Agosti alipita dawatini kwa wanafunzi kumi bora, mmoja mmoja, akimmwagia kila mmoja kijiko. Kalekye alikuwa nyuma, karibu na dirisha. Aliona kalamu za wenzake zikitembea bila haraka huku jasho likimtiririka yeye. Wakati wa kukusanya alikuwa na ukurasa mmoja na nusu.

Tracy, jirani yake wa dawati kabla ya kumi bora kuhamishiwa mbele, alimfuata nje.

"Manze Kale, deputy ametumwagia time kwa desk. Nikaona saa imesimama. Nikadhani ni ya shule."

"Ilikuwa na jina langu," Kalekye alisema.

"Najua. Nimeona lebo akitoka. Pole, wallahi."

Tracy alipata alama ya pili kwa ukubwa darasani. Huruma yake ilikuwa ya kweli. Lakini huruma haikuwa na nusu saa ndani yake.

Everlyne alifika shuleni kesho yake. Bwana Dedan alimkaribisha kiti, akamletea mkebe, akauinamisha ili aone mwenyewe. Kwenye kona ya chini, kando ya kijiko, zilikuwapo dakika nne.

"Mama, hatukumaliza," alisema. "Sisi si watu wabaya. Na wastani umepanda, hiyo ni faida ya watoto wote, pamoja na wako."

"Nataka zingine."

"Maombi yalifungwa Februari."

Everlyne hakupiga kelele. Mimi ningepiga. Lakini yeye alijua ya shule: mama akipiga kelele, jina la mtoto hukosekana kwenye orodha ya watahiniwa, na kila mtu husema hajui lilipotelea wapi. Alimrudishia mkebe, akatoka. Madam Tabby alikuwa amemsubiri nyuma ya stoo, macho mekundu.

"Mama Kale, mimi ndio nilifungua wa kwanza."

Everlyne aliuliza, "Mtoto wako alipona?"

"Alipona."

"Haya," Everlyne alisema, akaenda zake. Alikuwa na hasira iliyomfanya ashindwe kuona njia, na alitembea mpaka Kibera akigongana na watu.

Wiki ya kwanza ya mtihani wa mwisho, mwezi wa Novemba, Kalekye alifanya karatasi zake bila nyongeza, na hakuna hata moja aliyoimaliza. Zile dakika nne aliziweka kwa ajili ya insha ya Kiswahili. Hiyo ndiyo karatasi aliyoijua kuliko zote, na kwa hesabu ya Madam Tabby, akiipata vizuri, bado angeweza kufika ile C ya chuo cha ualimu. Bila insha, hakukuwa na hesabu ya kupiga.

Jumapili, baada ya kanisa, Everlyne alifunga mlango, akaketi mbele ya mashine na kufumua nusu saa kutoka maishani mwake. Wanawake wa Soweto East hufanya hivyo mara moja moja, mtoto anapozidiwa na kliniki iko mbali. Huwa wanaanzia mwisho wa uhai, kama ilivyo kwa sweta, kwa sababu ukianzia katikati yote huachia. Aliuona uzi wa mwisho, akaushika, akavuta. Dakika zilitoka zikiwa na joto na harufu ya sufu. Alizitazama kabla ya kuzikusanya, na aliyoyaona hakumwambia mtu. Akazitia kwenye chupa ya chai, akakaza kifuniko.

Jumatatu alikuwa langoni kabla ya askari wa mtihani kufika. Msimamizi, mama wa makamo aliyetumwa kutoka shule nyingine, alitoka kuongea naye chini ya bango.

"Hizi ni za mtoto wangu," Everlyne alisema. "Nimezitoa jana."

Msimamizi alifungua chupa, akasikiliza, akaifunga. "Ni nzuri kabisa. Ni zako?"

"Zangu. Za mwisho. Hazijaguswa na mtu."

"Mama, mimi pia ni mzazi. Lakini hazina muhuri."

"Zile zenye muhuri wamekula."

"Nimeona mkebe. Nimeandika kwenye ripoti kwamba ulifika ukiwa wazi; zilizobaki ni za ofisi, hizo nitampa." Alimrudishia chupa kwa mikono miwili. "Nikikubali za kwako, karatasi ya mtoto inafutwa. Unataka ifutwe?"

Everlyne hakutaka ifutwe. Alikaa kwenye jiwe nje ya lango, chupa mapajani, saa zote za mtihani.

Ndani, swali lilisema: Andika kisa kitakachomalizikia kwa maneno haya, "...tukafunga mlango, na hakuna aliyetuharakisha tena." Kalekye alikijua kisa chake chote tangu aliposoma swali. Kilihusu nyanya na mjukuu wanaohama usiku wa mafuriko, wakiwa na godoro na jiko moja. Aliandika. Kengele ilipolia, msimamizi alimmwagia zile dakika nne kwa uangalifu mkubwa, akaugonga mkebe kwenye dawati ili isibaki hata moja. Nyanya na mjukuu walikuwa bado njiani, maji yakiwafika magotini, msimamizi alipoichukua karatasi. Kalamu ilivuta mstari mrefu mpaka ukingoni, kwa sababu mkono wa Kalekye hauachii upesi.

Alasiri hiyo walirudi nyumbani na chupa. Uzi uliofumuliwa haurudi ulikotoka, na dakika ni hivyo hivyo. Everlyne alijaribu mara mbili, zikakataa. Kwa hiyo alimwekea Kalekye karatasi juu ya meza ya mashine na kumfungulia chupa.

Nje, maji ya mfereji yalisimama. Jirani aliyekuwa akipiga hodi alibaki mkono juu. Kalekye aliandika nusu saa nzima. Nyanya na mjukuu walifika, wakatua godoro, wakafunga mlango, na hakuna aliyewaharakisha tena. Everlyne alisoma insha yote akiwa amesimama. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba alikasirika upya, akaiweka kwenye droo ya mashine, chini ya sindano, mahali ambapo hakuna wa kuisahihisha.

Matokeo yalitoka Januari. Kalekye alipata D ya kujumlisha. Thuo Hill ilitia fora katika eneo lake kwa wastani, na Mzee Thuo akachinja mbuzi. Bango halikuondolewa, kwa kuwa lilikuwa bado jipya. Ripoti ya msimamizi ilifika ofisini na kupewa namba.

Mei ilipofika, mkebe mwingine uliletwa ukiwa na jina la Ogola wa kidato cha nne, asiyeona vizuri. Madam Tabby alitia sahihi. Alimwomba Bwana Dedan ufunguo ukae kwake, naye akasema atalifikiria. Wakati wa chai walimu walikuwa wameanza kuulizana kama ni ule ule wa mwaka jana.

Kalekye siku hizi yuko kibandani na mama yake, anashona vifungo vya sweta. Kifungo kimoja humchukua muda. Alhamisi moja, mkono ukiwa umekakamaa na anausubiri ulegee, aliuliza jambo alilokuwa amelibeba tangu Novemba.

"Mama, zile dakika. Zilikuwa za lini?"

"Za mwisho kabisa," Everlyne alisema, macho kwenye mashine.

"Nilikuwepo?"

"Ulikuwepo. Ulikuwa umenishika mkono. Kulikuwa na kitu unataka kuniambia."

Kalekye alimgeukia. "Nikakisema?"

"Ulikuwa unatafuta neno."

Mashine ilikwenda mstari mmoja, ikarudi. Kalekye alifungua mdomo, na ulimi ukamkawiza kama kawaida yake. Mteja aliyekuwa amesimama mlangoni alitazama saa kwenye simu, akauliza kama sweta yake bado.