Ulimi wa Kuazima

Daktari alimwambia mume wangu maneno mawili tu, "Hata tone," akafunga faili na kumwita mgonjwa mwingine. Sitaki mtu amsingizie mzee wangu ulevi. Ini lake liliharibiwa na ugonjwa wa ujanani, na yeye alikuwa fundi bomba mstaafu aliyejipikia bia kwenye chumba cha nyuma, akanywa glasi moja jioni na iliyobaki akawagawia watu. Lakini ini halisikilizi utetezi. Tulirudi nyumbani, akaenda moja kwa moja kuketi kando ya ndoo zake.

Mimi bia sikuwahi kuipenda. Nilichopenda ni kumwona akipika. Aliloweka kimea cha shayiri kwenye maji ya moto ndani ya sufuria kubwa, akalifunika kwa blanketi langu kuukuu bila ruhusa, na nyumba nzima ikanukia utamu wa nafaka. Kisha alichuja, akachemsha yale maji pamoja na maua makavu ambayo kazi yake ni kutia uchungu, na yakishapoa akayamimina kwenye ndoo na kutia hamira. Kwenye mfuniko alifunga kipande cha bomba kilichoishia ndani ya kikombe cha maji, ili hewa itoke isiingie. Kesho yake kikombe kilianza kutoa viputo, na mtu mzima, mwenye wajukuu, aliinama kukitegea sikio.

"Njoo usikie," aliniita. "Inapumua."

"Ungekuwa unanisikiliza mimi hivyo, tungekuwa mbali," nilimjibu, lakini nilikwenda.

Sasa nilimwambia, "Kupika hujakatazwa. Pika, wengine watakunywa."

"Nitajuaje nimepika nini? Pua inanipa nusu ya habari."

"Nitaonja mimi."

Alinitazama kama abiria aliyeambiwa kwamba dereva leo ni kuku. Hata hivyo alipika, akasubiri, akatia kwenye chupa, akasubiri tena. Siku ya kuonja alinimiminia polepole, akavuta kiti karibu.

"Haya?"

"Chungu."

"Uchungu wa vipi?"

"Uchungu wa uchungu, mzee. Ulitaka uwe wa sukari?"

"Unakuja mwanzo au mwisho? Mzito au mwepesi?"

"Unakuja ukiwa uchungu!"

Hakunigombeza. Angenigombeza ningefurahi, maana kugombana tunakujua vizuri. Alichukua glasi, akaimwaga kwenye sinki na kuisuuza, akaniambia ahsante kwa kujaribu.

Baada ya hapo alianza kulala mchana. Chakula alikigusa kwa adabu tu. Kisha nikasikia kwa kinyozi, jirani yetu na mnywaji mkuu wa bia ya mzee, kwamba amepewa sufuria na atakuja Jumamosi na toroli kulichukua. Nilimkasirikia kinyozi, nikamkasirikia daktari, nikaukasirikia ulimi wangu ambao siku zote hauna shida ya maneno, ila siku hiyo moja ulipotakiwa ukawa mzito. Zaidi ya hasira, niliogopa. Niliona mume wangu ameanza kuaga kidogo kidogo, na sufuria lilikuwa la kwanza kutoka.

Jumamosi asubuhi nilikaa kwenye cherehani. Nilikuwa natia bitana kwenye koti la mteja, mkono mmoja ukilainisha kitambaa. Chupa moja ya bia ile nilikuwa nimeiweka pembeni, kwa ukaidi tu. Nikaifungua, nikapiga funda dogo, nikakunja uso. Nikapiga jingine. Vidole vyangu vilikuwa bado juu ya bitana, nikaanza kucheka peke yangu.

"Mzee!" nilipaza sauti. "Inaanza kama satini!"

"Nini?" alijibu kutoka chumbani.

"Bia yako! Inaingia kama satini, inateleza vizuri. Katikati ni flana, ina ujoto fulani. Halafu mwishoni ni gunia!"

Nikasikia ndala zikija, na hazikuwa ndala za mgonjwa.

"Gunia liko wapi?"

"Pembeni mwa ulimi. Linakwaruza, linakausha mdomo. Ni koti zuri ambalo fundi mjinga amelitia bitana ya gunia."

"Kooni je?"

"Kooni hakuna neno."

Alishika ukingo wa cherehani. "Basi si maua. Maua yangekukwaruza kooni. Hayo ni maganda ya kimea. Nilitia maji ya moto mno, maganda yakatoa ukali wake." Akanitazama usoni. "Mke wangu, ulimi huu ulikuwa umeuficha wapi?"

"Haukuwa na nafasi. Ulikuwa na kazi ya kukusema."

Kinyozi alipofika na toroli lake, sufuria lilikuwa jikoni juu ya moto, na mzee ameliinamia, kipimajoto mkononi.

"Shemeji, nimekuja kuchukua mali yangu."

"Mali gani?" mzee alidakia kabla sijafungua mdomo. "Bado tunalitumia."

Miaka yote lilikuwa sufuria lake. Nilijitia kutafuta chumvi kabatini, maana machozi yalikuwa karibu na sikutaka kinyozi apate habari ya kupeleka kwa wateja.

"Na toroli nimelisukuma bure?"

"Rudi bia ikiiva. Uje na glasi yako."

Akaondoka akinung'unika, meno yote nje.

Siku za kusubiri tulikitegea kikombe sikio wote wawili, tukigombania upande mzuri. Ilipoiva tulikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, yeye na chai yake. Alifungua chupa, ikatoa pumzi. Akamimina, akanusa kwa muda mrefu, akanikabidhi glasi kwa mikono miwili.

Nilionja. Nikatafuta satini, haikuwepo. Flana haikuwepo.

"Sema basi."

"Usinisukume." Nikaonja tena, na hapo nikaijua. "Unalikumbuka shati lako la kazini, lile la bluu?"

"Lililochanika kiwiko."

"Nililolitia kiraka. Nililifua mpaka likasahau ugumu wa dukani. Ndilo hili, mzee. Laini mwili mzima, limeshinda juani, limevaliwa likiwa bado na joto la pasi."

"Gunia?"

"Hakuna gunia."

"Na uchungu?"

"Uko kwenye kola tu. Pale pamebaki ugumu kidogo, ili shati lisimame."

Alifumba macho. Niliona koo lake likipanda na kushuka, akimeza, na chai yake ilikuwa sakafuni haijaguswa.

"Sema tena," alisema.

"Nimeshakwambia yote."

"Sema tena, mke wangu. Kiu haijanitoka."

Nikapiga funda jingine, nikaanza upya, kutoka kwenye kola.